Mshumaa Uliokataa Kuzimika

Nyigu wa kwanza alipodondoka ndani ya pipa, Odile hakujali. Msimu wa kuchuma zabibu nyigu wako kila mahali, mpaka kwenye mkate. Wa pili, Odile alimwangalia vizuri. Alikuja mzima, anavuma, na alipofika juu ya pipa akalegea, akaanguka.

Pipa lenyewe lilikuwa la mwaloni, refu kuliko mtu. Halikuguswa miaka sita, tangu mumewe, Anselme, alipokutwa amekufa ndani yake. Kila mavuno lazima mtu aingie kukanyaga maganda yanayoelea, ila kwanza huteremshwa mshumaa kwa waya. Ukizimika, hewa ni mbaya, haingii mtu. Siku ile walimkuta Anselme ameshapoa, na mshumaa wake bado unawaka. Basi daktari akasema ni moyo. Odile akakubali, angefanyaje?

Mwaka huu hakuwa na jinsi. Aprili jalidi, ile baridi ya kugandisha, iliunguza machipukizi yote ya bondeni, na Julai mvua ya mawe ikatwanga yaliyobaki. Zilipona safu kumi na moja za mlimani. Alizilea kama mtoto njiti, na zabibu zake hazikufika hata nusu ya mapipa makubwa ya saruji aliyotumia tangu hapo. Zilijaza lile la mwaloni tu, sawasawa, utadhani zilipimwa.

"Bosi, huu mvinyo au msiba?" Gaspard alimtania asubuhi hiyo. Alikuwa mfanyakazi wake tangu ujanani, hajui kunyamaza. "Siku ya nne leo tangu tutie zabibu, pipa lingekuwa linachacha na kuvuma kama mzinga."

"Basi nyamaza na wewe, mfanane nalo."

Lakini hata Odile alisikia ule ukimya. Na harufu haikuwa ya zabibu. Ilikuwa ya tumbaku ya kiko, na kwenye shamba lile aliyevuta kiko alikuwa Anselme peke yake.

Binti yake, Mahaut, alikuwa ameshaketi ukingoni, miguu mitupu ikining'inia ndani. Chini yake mwali wa mshumaa alioushusha kwa waya ulisimama wima, hautikisiki.

"Unawaka, mama. Naingia."

"Ngoja kwanza."

"Baba ananiita," Mahaut akanong'ona, macho yamemtoka. "Anasema nishuke."

Odile akapanda ngazi mbio, akachungulia, na hapo ndipo alipowaona, nyigu kwa makumi wameelea juu ya maganda, wafu wote, na katikati yao ule mshumaa unawaka vizuri mahali ambapo hata mdudu hakupata pumzi, na akajua, Mungu wangu, akajua kwamba mshumaa ulikuwa unadanganya, na kwamba ulimdanganya na Anselme vilevile.

Alimshika bintiye kwapani, akamvuta, wakaporomoka wote wawili sakafuni.

Ndipo sauti ikatoka ndani ya pipa, ya upole, ya mumewe kabisa. "Odile. Mwaka wako umekuwa mbaya. Nipe huyu mmoja, nikupe mvinyo ambao bonde hili halijapata kuuonja."

"Mwanaharamu wewe!" Odile akasimama. "Umeniulia mume, sasa unaniwekea bei? Gaspard! Nyundo!"

"Bosi, ndio mavuno yote hayo! Mwaka mzima!"

"Najua, mizabibu nimeipogoa mimi! Lete!"

Odile akapiga nyundo kizibo cha chini. Mara ya tatu kikaruka. Mvinyo mchanga ukamwagika, mwekundu, wa baridi, ukawafika vifundoni, ukatoka mlangoni kuelekea barabarani. Odile alisimama katikati yake analia kwa sauti.

"Kunywa! Si ulikuwa na kiu? Kunywa wote!" akalifokea pipa.

Pipa lilipobaki tupu, mshumaa ukazimika.

"Haukuwa moyo, Anselme wangu," akasema. "Nisamehe."

Jioni walilipasua pipa kwa mashoka, wakalichoma uani. Shamba zima lilinuka tumbaku siku tatu.

Machi ikafika, wakati wa kupogoa, mizabibu inapodondosha maji kwenye kila jeraha. Kwenye safu ya kumi na moja, shina la mwisho lilidondosha matone mekundu, yenye harufu ya tumbaku. Mahaut alirudi nyuma, akaziba mdomo.

Odile hakurudi nyuma. Alitemea mate viganjani.

"Kumbe bado upo," akaliambia shina. "Haya, na mimi bado nipo. Mahaut, niletee shoka."