Mstari Usiotoka Mlangoni

Evaline alikuwa ameshafika kituoni Kisarawe, nauli ya kurudi Kibaha iko mkononi, ndipo alipokumbuka kwamba fomu zake amezisahau kwenye kiti. Akajilaumu kwa sauti, mtoto wa miezi sita tumboni akamwitikia kwa teke, wakageuza njia pamoja. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mikorosho. Saa kumi na mbili kasoro robo.

Fomu hizo ndizo zilizobeba shahada yake. Mwezi mzima alikuwa akikaa pembeni ya ukumbi mdogo wa makumbusho na ramani ya ukumbi huo kwenye fomu, moja kwa kila mgeni, saa ya kuhesabia sekunde, na penseli. Mgeni akiingia, penseli inamfuata: kasimama wapi, sekunde ngapi, kapita wapi, mpaka mstari wake utokee mlangoni. Mstari usiotoka mlangoni hauhesabiwi. Mkono wake ulikuwa umezoea hadi unachora wenyewe, macho yakiwa kwa mgeni na masikio kwenye nyayo zake. Mwishoni humuuliza swali moja tu: ungeruhusiwa kuondoka na kitu kimoja, ungechukua nini? Watu hucheka, wakataja ngoma kubwa au bunduki ya Mjerumani.

Hakuna aliyewahi kumtaja mwana hiti.

Ni kile kinyago kidogo cha Wazaramo, kichwa chenye vishungi viwili, hakina mikono wala miguu. Mwali alikuwa akipewa siku anapowekwa ndani, akilee kama mtoto. Hiki kilikaa kwenye kabati la pembeni, watu wakikipita kama wanavyoipita ndoo ya kudekia. Basi Jumatatu Evaline akaomba ruhusa, akakitoa kukipeleka kwenye meza ya katikati, aone kama miguu ya watu itabadili njia. Ndiyo kazi yenyewe. Mikono ilikuwa imejaa makaratasi, kwa hiyo kinyago akakibana tumboni.

Bi Mwamvita, mama mtu mzima anayefagia pale, akaacha kufagia. Akamuuliza huyo mwana hiti amempokea kwa nani. Evaline akacheka, akajibu kwamba amempokea kwa kabati. Bi Mwamvita hakucheka. Alisema mwana hiti haokotwi. Mwali mwenyewe ndiye humkabidhi siku anapotolewa nje, na anayempokea kwa tumbo amekubali kumbeba. Mwali mwenye huyu alifia ndani. Hakutolewa. Evaline, Mlutheri wa Bukoba aliyelelewa vizuri, akaitikia kwa heshima kisha akaendelea na yake. Asiyesikia la mkuu... methali hiyo malizieni wenyewe.

Tangu siku hiyo fomu zake zikawa zinazidi tiketi za Khalfani wa getini. Kila siku, kwa moja tu. Alidhani ni uchovu wa mimba. Leo tiketi zilikuwa arobaini na fomu arobaini, akashusha pumzi, na kwa furaha hiyo akazisahau.

Ukumbini fomu zilikuwa pale pale kitini. Kulikuwa na harufu pia...

Mafuta ya mbarika. Mazito, ya mtu aliyepakwa mwili mzima.

Mbele ya meza alisimama msichana. Alikuwa ameupa mlango mgongo, kanga kichwani, miguu peku. Ngozi ya visigino ilikuwa imepauka, ngozi ya mtu asiyeliona jua.

Mazoea yana taabu. Badala ya kukimbia, Evaline alikaa, akabonyeza saa. Watu humpa mwana hiti sekunde nne. Dakika ikapita... ya pili... ya sita. Kanga haikutikisika. Hakusikia mtu akipumua isipokuwa yeye mwenyewe. Akaona bora aseme kuliko kuendelea kuusikiliza ukimya ule.

"Ungeruhusiwa kuondoka na kitu kimoja, dada, ungechukua nini?"



"Mwanangu."

"Yupi?"

Msichana hakugeuka. Mkono ukatoka taratibu chini ya kanga. Haukuonyesha mezani. Ulirudi nyuma, ukaelekea kwenye kiti alichokalia Evaline.

"Huyo unayenibebea."

Mlango ukagongwa. Khalfani akachungulia, akauliza anaongea na nani. Mezani hapakuwa na msichana, wala kinyago. Kinyago kilikuwa kimelala kwenye mkono wa kushoto wa Evaline, kimebanwa tumboni, kinang'aa mafuta.

Tangu hapo mtoto hakucheza tena. Evaline alikuwa ameshapoteza mimba mbili. Ya tatu hii alikuwa ameihesabia kila teke. Asubuhi mumewe, Adrian, akampeleka kliniki, nesi akausikiliza moyo wa mtoto, akasema uko sawa, amelala tu. Maneno hayo hayakumwingia. Alikwenda moja kwa moja Kisarawe, akalia mbele ya Bi Mwamvita bila aibu.

Bi Mwamvita hakumwambia "nilikwambia." Alivua kitenge cha kazi, akaenda Maneromango kwa shangazi yake asiyeona tena, na alasiri akarudi na jina la marehemu. Akamwelekeza: ampe marehemu kinyago kwa mikono miwili, amwite kwa jina, afumbe macho, maana mwali anayetolewa haangaliwi. Yeye angesimama mlangoni, ameupa ukumbi mgongo.

Saa kumi na mbili kasoro robo, harufu ikaja.

Evaline akafumba macho, akanyoosha mikono.

"Siwema. Mpokee mwanao. Toka nje."

Mikono ikawa mitupu.

Akarudi nyuma akipapasa, akakaa kitini. Mkono wa kulia, kwa woga na kwa mazoea, ukashika penseli, ukaiweka juu ya fomu. Nyayo zikaanza kwenda, peku, sakafuni. Pa... pa... pa... Zikasita. Zikaenda tena, kwa upole zaidi. Kisha zikanyamaza.

Alipofumbua macho, kinyago kilikuwa mezani, kikavu. Bi Mwamvita akauliza, bila kugeuka, kama ametoka. Evaline akasema ametoka, kwa sababu tumboni mtoto alikuwa ameanza kucheza, teke juu ya teke. Wanawake wale wawili wakakumbatiana na kulia.

Nyumbani kwake Kibaha, mtaa wa Kwa Mathias, Adrian alikuwa jikoni akikata mchicha. Evaline akakaa mezani kupanga fomu za siku, moyo mweupe, akafika kwenye ile ya mwisho.

Mstari ulianzia mezani kwa mwana hiti. Ulielekea mlangoni, vizuri kabisa. Hatua mbili kabla ya mlango ulipinda. Ukapita kabati, ukapita ngoma kubwa, ukaja mpaka kwenye mraba mdogo unaoonyesha kiti cha mtafiti.

Hapo ukaishia.

Akageuza karatasi. Nyuma hakukuwa na kitu. Mtoto akajinyoosha tumboni, polepole.

Adrian akaja na kisu mkononi, akamwinamia shingoni, akatabasamu. Akamuuliza leo amepaka mafuta gani, mbona yananukia hivyo.