Tumpe na Mchuzi Unaoruka

Tumpe aliishi Tukuyu, kwenye nyumba yenye bati jekundu. Huko mvua hunyesha karibu kila siku.

Tumpe alikuwa na hofu moja. Aliogopa sufuria ya mchuzi wa nyanya.

Siku moja mchuzi ulikuwa unachemka jikoni. Tone moja liliruka, likamwangukia mkononi. Likamuunguza. Tumpe alilia mpaka akapata kwikwi.

Mkono ulipona. Hofu haikupona.

Tangu siku hiyo, mchuzi ulipoanza kuchemka, Tumpe alikimbilia sebuleni. Alijificha nyuma ya pazia, akaziba masikio.

Bwata, bwata, bwata.
Mchuzi unaruka. Tumpe anajificha.

Baba yake Tumpe alifanya kazi nyumbani. Aliandika programu, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata.

Jioni moja Baba alimkuta Tumpe nyuma ya pazia. Hakumcheka. Aliketi sakafuni, akamuuliza anaogopa nini hasa.

Tumpe alifikiri.

"Sijui mchuzi utaruka lini," alisema.

Baba alimshika mkono. Kisha akamwambia waende wakapike ndani ya kompyuta. Mchuzi wa humo haumuunguzi mtu.

Baba alichora sufuria kwenye kioo cha kompyuta. Akachora nyanya, kitunguu na maji. Chini akachora moto.

Halafu akaandika maagizo. Kila alipoandika, alimsomea Tumpe.

Moto ukiwa mdogo, chemka polepole.
Moto ukiwa mkubwa, chemka haraka.
Mchuzi ukiwa mzito, ruka.

Tumpe hakulipenda agizo la mwisho. Aliomba lifutwe. Baba akasema mchuzi wa kweli huruka, kwa hiyo na huu lazima uruke.

Tumpe alifumba macho. Akabonyeza kitufe kwa kidole kimoja.

Moto ukawaka. Nyanya zikalainika. Maji yakapungua. Mchuzi ukawa mzito, na mapovu makubwa yakavimba.

Bwata, bwata, bwata.
Mchuzi unaruka. Tumpe anajificha.

Safari hii alijificha nyuma ya kiti cha Baba. Alichungulia kwa jicho moja. Mchuzi ulikuwa umeungua, mweusi kama mkaa.

Baba hakumharakisha. Polepole Tumpe alinyoosha mkono. Akagusa kioo. Hakikumuunguza.

Akaomba warudie. Wakarudia. Moyo wake bado ulidunda, du, du, du. Lakini safari hii alitazama kwa macho yote mawili.

Akaona jambo. Matone yote yaliangukia karibu na jiko. Hakuna lililofika ukutani. Baba akamweleza kwamba tone la mchuzi ni zito, haliwezi kwenda mbali.

Akasikia jambo jingine. Mchuzi mwepesi ulisema tok, tok, tok. Ulipokuwa mzito, sauti ilibadilika.

"Punguza moto, Baba," alisema Tumpe. "Ongeza maji."

Baba akabadilisha maagizo. Mchuzi ukatulia.

Kesho yake jioni, Baba alipika mchuzi wa kweli. Alimkumbusha Tumpe, kama siku zote, kwamba watoto hawagusi jiko.

Ghafla mvua ikaanza. Nguo zilikuwa kwenye kamba. Baba akatoka mbio kwa mlango wa jikoni, kwenda kuzianua.

Tumpe akabaki peke yake sebuleni. Jikoni kulisikika tok, tok, tok.

Mara sauti ikabadilika.

Bwata, bwata, bwata.

Tumpe alimwita Baba akiwa dirishani. Mvua ilipiga bati kwa kishindo. Baba hakusikia.

Mlango wa kwenda uani ulikuwa jikoni. Ili amfikie Baba, lazima apite pale penye sufuria.

Alilishika pazia. Alitaka sana kuingia nyuma yake.

Kisha akaliachia.

Aliingia jikoni. Aliegemea ukuta, mbali kabisa na jiko. Akasogea hatua kwa hatua.

Tone likaruka, likaanguka sakafuni. Halikumfikia.

Lingine likaruka. Hilo nalo halikumfikia.

Machozi yalimtoka, lakini miguu iliendelea kwenda. Akafika mlangoni. Akausukuma, akatoka kwenye mvua.

"Baba, mchuzi umekuwa mzito. Njoo upunguze moto."

Baba aliziacha nguo kwenye mvua, akakimbilia ndani. Akapunguza moto. Akaongeza maji, akakoroga. Mchuzi haukuungua.

Kisha alimbeba Tumpe, akamkumbatia kwa muda mrefu. Wote wawili walikuwa wameloa.

Mama aliporudi kutoka kazini, walikula wali na mchuzi wa nyanya. Tumpe aliomba aongezewe. Baba akamsimulia Mama yote yaliyotokea.

Wakati wa kulala ulipofika, Mama alimfunika Tumpe blanketi. Akamuuliza kama bado anaiogopa sufuria.

Tumpe alipiga miayo.

"Niliogopa, Mama," alisema. "Halafu nikapita."

Mama alitaka kumjibu. Lakini Tumpe alikuwa ameshalala.