Mgeni Aliyemshika Mkono Philemon

Taulo lilikuwa limelowa, na hakuna aliyeoga. Ndilo jambo la kwanza aliloliona Jedidah baada ya mumewe kurudi kutoka Pemba, na kama mke yeyote mwenye akili zake, akawaza mwanamke. Nyumba yenyewe ni vyumba viwili vya ghorofani, Peckham, huku ughaibuni. Hata paka hafichiki humo. Lakini taulo lilinuka chumvi na udi.

"Philemon, nani kaoga hapa?"

"Mimi sijui."

"Mwanamume akisema hajui kabla hajanywa chai, anajua."

Philemon alikuwa dereva wa basi, mzaliwa wa Machakos, ambako watu huchimbua mchanga wa mto mkavu wapate kikombe cha maji. Yeye akajifunza kuzamia katika bwawa la kuogelea la mtaani, mtungi wa hewa mgongoni, akapewa cheti akajiona papa. Kisha akapanda ndege kwenda kuzamia bahari asiyoijua wala isiyomjua. Ujinga wa mtu mzima hauna dawa.

Baada ya taulo zikaja pumzi. Jioni moja Philemon amekaa sebuleni mbele ya televisheni, na bafuni mtu anavuta hewa. Ilikuwa ile sauti ya mzamiaji anayepumulia mtungi: msss, ndefu, halafu mapovu. Jedidah akafungua mlango kwa teke, mwiko mkononi, tayari kumkuta kahaba. Beseni kubwa la kuogea lilikuwa tupu. Sakafu ilikuwa na mchanga mweupe.

Kikohozi nacho kikaanza. Philemon alitema maji ya chumvi kila asubuhi, daktari akasikia maji kifuani lakini picha haikuonyesha kitu, na usiku Jedidah alilala akimsikiliza mumewe akikoroma kama mtu anayezama polepole juu ya godoro kavu, huku upande wa pili, ukutani ambako hakuna mtu, shuka likilowa kidogo kidogo, likichukua umbo la bega, kisha la nyonga, kisha likitulia kama linavyotulia shuka chini ya mtu aliyekwisha kujilaza vizuri na hana haraka ya kuondoka.

Hapo ndipo wivu ulipomtoka ukaingia woga. Akamweleza Bi Nurjehan, bibi mzee wa Kingsbury ambaye yeye Jedidah alilipwa kumtunza, mzaliwa wa Unguja aliyeondoka msichana baada ya Mapinduzi. Bibi akaweka kikombe chini.

"Mlete. Na udi usifukize, utakuwa unamkirimu."

Philemon akaletwa, anahema. Bi Nurjehan hakumpa hata kiti.

"Huko chini ulifanya nini?"

"Maji yalichafuka, Bibi. Nikampoteza mwenzangu. Tunazamia wawili wawili. Basi mtu akanishika mkono akanipandisha juu. Nikajua ndiye."

"Ndiye?"

"Kumbe mwenzangu alikuwa ameshapanda boti zamani."

"Na wewe ukamwambia nini aliyekushika?"

Philemon akatazama zulia. "Nilishukuru tu. Nikasema, asante sana, karibu nyumbani."

"Lo!" Bibi akapiga paja. "Nyie watu! Mnamkaribisha kila mtu, mkijua haji. Huyu kaja!"

"Tuite shehe?" Jedidah akanong'ona. "Au mchungaji?"

"Mgeni uliyemwalika kwa ulimi wako hafukuzwi kwa kisomo, mwanangu. Hulishwa, akasindikizwa. Na wewe mwanamume, ukimuaga usithubutu kusema karibu tena."

Wakapika wali na samaki, wakamwekea sahani yake. Walipogeuka ilibaki miiba. Philemon akasema, "Mgeni wangu, twende nikusindikize." Katika basi watu walisimama, lakini hakuna aliyetaka kiti kilichokuwa kando yake; kilikuwa kinachuruzika.

Bi Nurjehan alikuwa ameshafika Rotherhithe, ukingoni mwa mto, kwa teksi, kajifunika shali kwenye kiti chake cha magurudumu. Maji ya mto yalikuwa yanatoka kuelekea baharini. Philemon akashuka ngazi zenye utelezi, mkono kaunyoosha mbele kama kipofu anayeongozwa, na ingawa maji yalikuwa yanapungua pande zote, pale aliposimama yalipanda, yakamfika magotini, kiunoni, na katikati yake ikasikika sauti yenye mapovu.

"Nimekula kwako. Nimelala kwako. Nawe kwangu utakuja lini?"

Jedidah akafumba mdomo wake kwa viganja viwili. Lakini Philemon alilelewa na mama mwenye adabu.

"Nitakuja."

Maji yakashuka. Pale pale kifua chake kikafunguka, akavuta hewa kama mtoto mchanga, na tangu siku hiyo taulo likawa kavu, na shuka pia. Bi Nurjehan peke yake hakufurahi. Alimtazama Jedidah, akavuta shali.

Jedidah akajipa moyo. "Philemon, watu husema tu. Shangazi yako umemwahidi mara ngapi, na ulikwenda?"

"Shangazi hajanishika mkono nikizama."

Jumamosi Jedidah alirudi kutoka kazini akaikuta nyumba kimya. Beseni la kuogea lilikuwa limejaa hadi ukingoni, na mumewe amelala chini ya maji, macho wazi, hana povu puani. Akapiga ukelele akamvuta kwa nywele. Philemon akaketi taratibu, wala hakuhema.

"Usiogope, mke wangu," akasema. "Najaribu tu kama nitahitaji mtungi."