Laini ya Kujaribia Simu

Jumamosi asubuhi Thika haina adabu. Ukisimama karibu na steji ya matatu ufikirie maisha yako, utasukumwa na gunia la viazi, utaitwa madam na wauza soksi, na ukichelewa kujibu utajikuta umeuziwa nanasi. Wakonyo alisimama papo hapo, gauni la samawati juu ya raba nyeupe, mkononi ameshika simu iliyokufa. Aliinunua Doha kwa jasho lake, baada ya miaka ya kulea watoto wa watu, na picha zote za watoto hao zilikuwa ndani yake.

Mafundi wa Ruiru walikuwa wameigeuzageuza wakamrudishia. Mmoja alisema hiyo ni model ya nje, vipuri vyake huku havipo. Mwingine alimshauri airudishe kwa duka alikoinunua, kana kwamba Doha iko hapo Juja. Rafiki ndiye aliyemwambia ajaribu Thika, lakini hakumwambia Thika wapi.

Alipokuwa akiangaza macho, raba yake ilinasa waya, na meza ndogo mlangoni pa duka la viatu vya mitumba ikatikisika. Skrubu zilimwagika chini. Mwenye meza, kijana mrefu aliyevaa shati la kitenge na miwani ya kukuzia iliyopandishwa kwenye paji la uso, alipiga magoti akaanza kuziokota bila kugomba. Wakonyo aliona haya, akainama kumsaidia.

"Umenimwagia kazi, madam," kijana alisema, "so lazima uniletee kazi ingine. Hiyo simu iko na shida gani?"

"Ni ya Doha. Wamesema huku haitengenezeki."

"Simu haijui imenunuliwa wapi. Kaa hapo kwa stuli."

Jina lake lilikuwa Urbanus, Mkamba wa Matuu aliyepanga chumba mtaa wa Landless. Aliifungua simu taratibu, akasugua tundu la chaji kwa brashi, na ukamwagika mchanga mwembamba kama unga. Alimtania Wakonyo kwamba amerudi na jangwa la watu. Kisha akabadilisha kipande kimoja kilichoungua, akakitoa kwenye simu mbovu ya aina hiyo hiyo aliyokuwa ameiweka kwenye droo. Kama alivyozoea kwa kila simu aliyoitengeneza, alichomoa laini kutoka kwa simu yake mwenyewe, akaiweka kwenye ile ya Wakonyo, akampigia jirani muuza viatu ili ahakikishe sauti inasikika. Iliposikika, alichomoa laini akairudisha kwake.

Wakonyo aliiona hiyo simu ya fundi, mulika mwizi ya vibonyezo iliyofungwa kwa mpira, akacheka hadi machozi.

"Mganga hajigangi," Urbanus alisema, naye akacheka.

Simu iliwaka. Wakonyo alipozifungua zile picha za watoto wa Doha, kicheko chake kiligeuka kilio cha kweli, na Urbanus akageuka upande mwingine akajifanya anatafuta bisibisi. Kwa hilo tu Wakonyo alimshukuru kimoyomoyo kuliko hata kwa simu.

Haba na haba hujaza kibaba. Ruiru imejaa wanawake waliorudi kutoka Ghuba na simu zao mbovu, na Wakonyo, aliyekaa kwa mama yake Mugutha, huko huko Ruiru, akawa ndiye wa kuzibeba hadi Thika. Mwanzoni alikuwa akiziacha na kuondoka. Baadaye alikaa kwenye stuli mpaka ndengu na chapati za mchana ziletwe. Kisha zikaja Jumapili za kutembea karibu na maporomoko ya Chania baada ya misa, yeye na gauni jipya, Urbanus na shati lile lile la kitenge lililopigwa pasi. Jioni walipigiana simu hadi salio liishe.

"Konyo, leo hakuna simu imeharibika huko Mugutha?"

"Hakuna."

"Basi angusha moja."

Jambo moja Wakonyo alilisema mapema. Akiwa Doha alimpenda kwa simu mwanamume wa Ruiru, mapenzi ya sauti na picha, mpaka siku alipoona kwenye picha ya mtu mwingine kwamba bwana huyo ameoa. Tangu hapo aliapa kwamba mapenzi ya mbali hayataki tena, hata kwa dawa. Urbanus alimwambia asiwe na wasiwasi, yeye akienda mbali sana ni Makongeni, hapo hapo Thika. Wakonyo aliliweka neno hilo moyoni likamtuliza.

Jumanne moja alikuwa akichuma sukuma wiki nyuma ya nyumba ya mama yake Mugutha, simu ikalia. Ujumbe ulitoka kwa namba ya Doha asiyoijua. Akausoma: "Urba, ile kazi imetoka. Ni duka kubwa la simu, wanataka fundi haraka. Nijibu kabla ya Ijumaa jioni nipeleke jina lako. Kilonzo."

Mboga zilimdondoka. Wakonyo alimfahamu Kilonzo kwa kutajiwa, binamu wa Urbanus aliyeko Doha. Ujumbe ulifikaje kwake hakujua, ila alijiambia kwamba Urbanus alipokuwa akiishikashika hii simu alisahau vitu vyake humo, na kwamba Urbanus mwenyewe ameshausoma kwa simu yake. Kwa hiyo alikuwa akijua. Alikuwa akila ndengu naye huku anapanga safari. Moyo wa Wakonyo ulichomeka vile vile ulivyochomeka mara ya kwanza.

Jioni Urbanus alipiga.

"Mrembo, umeninyamazia. Nimekosa nini?"

"Urba, hakuna kitu ungetaka kuniambia?"

"Labda vile nimekumiss."

Wakonyo alikata simu. Hakupokea tena kesho yake, wala keshokutwa. Maskini Urbanus, akili yake ilizunguka kila neno alilowahi kusema asipate kosa. Alhamisi alifunga kazi mapema akaja hadi getini Mugutha, na mama, kwa kuagizwa, akamwambia binti ameenda Kalimoni. Mama huyo hajui kudanganya. Alimkaribisha chai huku raba nyeupe zikiwa zimeanikwa mlangoni, naye Urbanus akaziona, akashukuru, akaondoka bila kunywa.

"Mimi sitarudia hiyo kazi," mama alimwambia bintiye. "Kama anaenda, mwache aende. Lakini mtu anaagwa kwa macho, haagwi kwa mlango. Kesho uende umwambie asante na safari njema, urudi nyumbani ulie vizuri."

Ijumaa mchana Wakonyo alivaa gauni lake zuri kuliko yote, la rangi ya zambarau, akapaka wanja. Alitaka mtu huyo akiwa Doha ajue alichokiacha. Alifika mezani akakataa stuli.

"Nimekuja kukuaga."

Urbanus alishusha miwani. "Unarudi Doha?"

"Si mimi. Ni wewe. Nashukuru kwa kila kitu, Urba, lakini ungeniambia."

Akamwekea simu mbele ya macho. Urbanus alisoma, akasoma tena, kisha akakaa kwenye ile stuli yeye mwenyewe.

"Konyo, hii sijaiona. Ni leo naiona. Nilimwomba Kilonzo mwaka jana, kabla sijakujua. Hakujibu, nikasahau."

"Na mbona imekuja kwangu?"

Aliikagua simu, akafungua mipangilio yake, na hapo akajishika kichwa. Simu ya aina hiyo ukiiwekea laini huiandikisha namba kuwa yake. Siku ile alichomoa laini, lakini namba yake ikabaki imeandikishwa humo, na Kilonzo, mwenye simu ya aina hiyo hiyo, alipomwandikia, ujumbe ulipita kwa intaneti ukaenda Mugutha badala ya kuja kwa mulika mwizi. Fundi alikuwa amejifunga kwa mkono wake.

Jua lilikuwa limeanza kuinama.

"Ungekaa kimya hadi kesho, ningebaki hapa," Urbanus alisema polepole. "Na singewahi kujua."

"Ningejua mimi."

Urbanus alimtazama. Hakuwa amewahi kumpenda mtu namna hiyo.

"Jibu basi," Wakonyo alisema. "Na usikatae juu yangu. Siku tukigombana utanirushia Doha kwa uso."

"Si juu yako peke yako. Mimi nawasha simu za watu wa huko kila siku. Sifungui mambo yao, naona tu ile picha ya mbele. Ni mama amesimama kwa shamba ama mtoto wa huku na yunifomu. Sijawahi kuona hata moja iko na picha ya huko. Nilitaka kwenda kwa sababu sikuwa na mtu wa kuweka hapo mbele."

Akaichukua simu, akaandika kwa muda, vidole vikikosea kwa sababu havikuzoea kioo. Kisha akamrudishia.

"Soma. Ukiona iko sawa, utume wewe. Mimi sitagusa."

Wakonyo akasoma: "Kaka, Mungu akubariki kwa kunikumbuka. Hiyo nafasi mpe Kiama, fundi mwenzangu wa hapa Thika, anaitaka kuliko mimi. Mimi kuna nyumba Mugutha nataka kupeleka wazee wakapose, kama mwenye hii simu atakubali. Akikubali, hii message itakufikia. Akikataa hutaiona."

Muuza viatu alikuwa amepanga na kupangua kiatu kimoja tangu mazungumzo yaanze. Wakonyo alifuta kioo kwa ncha ya mtandio wake, kwa kuwa machozi yalikuwa yameanguka juu yake na hakutaka kidole kiteleze. Akabonyeza.

Jibu la Kilonzo lilirudi kabla hajaiweka simu mkobani. Aliuliza wazee wanaenda lini, kwa sababu mbuzi mmoja wa mahari angetoa yeye.