Mlango wa Hastings, Mlango wa Napier

Kiatu cha mtoto kiliruka kutoka kwenye kigari, kikapita juu ya ndoo za maua, kikatua kwenye mkate wa kukaanga wa kijana aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza kuupaka asali.

Soko la wakulima la Hastings lilikuwa limefurika Jumapili hiyo ya Februari. Jua lilikuwa limewaka mapema, mpiga gita amejibanza chini ya mti, na harufu ya kahawa ikigombana na harufu ya matufaha ya kwanza ya msimu. Mama wa mtoto alikuja mbio akisukuma kigari, gauni lake la njano likipepea, kidani chake cha jiwe la kijani kikirukaruka kifuani.

"Samahani, kaka! Samahani sana. Huyu akiona mtu anakula hampi, anarusha vitu."

"Basi kosa ni langu," kijana akasema. Alikuwa na mabega mapana ya mtu wa bandarini, nywele kazifunga kisogoni. Akakifuta kiatu kwa ncha ya fulana yake, akachuchumaa mbele ya kigari. "Bibie, jina lako nani?"

"Anaitwa Kahu. Na mimi Hinerau. Nikununulie mkate mwingine?"

"Mimi Eruera, niite Eru. Usihangaike, huu unalika. Una ladha ya kiatu kwa mbali tu."

Hinerau akacheka, na alipokwisha kucheka akamwuliza alikozaliwa bibi yake. Kwetu swali hilo haliepukiki. Kabla moyo haujaenda mbali lazima ujue kama huyo si binamu yako. Wakatajiana mabibi na mababu, wakapanda juu, wakashuka chini, wakaona hawakutani popote. Wote wawili wakashusha pumzi, kila mmoja akijifanya anatazama maua.

"Ila naishi Napier," Eru akasema.

"Pole."

"Pole ya nini? Mimi asubuhi nikifungua dirisha nasikia bahari."

"Bahari ya kusikiliza na kutazama. Ufukwe wenyewe mawe matupu, ukiingia majini wimbi linakuvunja shingo. Halafu mkiugua mnakimbilia hospitali yetu. Wewe mwenyewe ulizaliwa wapi?"

Eru akajikuna kidevu. "Hastings."

"Ahaa!"

"Na nyie mkitaka kupanda ndege mnakwenda wapi?"

"Napier," Hinerau akasema chini chini.

"Ahaa," Eru akarudisha, huku akimvalisha Kahu kiatu taratibu, kama mtu anayefunga zawadi.

Walianza hivyo. Kati ya miji hii miwili kuna mwendo wa nyimbo chache tu za redio, lakini ukiwasikiliza wenyeji utadhani kuna bahari nzima. Wa Napier wanasema Hastings ni mashamba yaliyowekewa taa za barabarani. Wa Hastings wanasema Napier ni picha ya kuuzia watalii, majumba yaliyopakwa rangi za keki. Walipoulizwa zamani kama wanataka halmashauri zao ziunganishwe, walikataa.

Eru na Hinerau wakawa wanakutana Clive, kijiji cha katikati, kando ya mto. Majani yakaanza kupukutika, matufaha yakaisha mitini, Hinerau akawa anatoka kila jioni kwenye kiwanda cha kufungashia matunda, mikono ikinuka sanduku jipya na matunda. Eru alileta samaki wa moshi, Hinerau alileta mikate. Kahu alijifunza kumwita "Eu". Mapenzi yalikuwepo, wala hayakujificha. Lakini hakuna aliyekuwa amevuka mlango wa mwenzake.

Hinerau alikuwa na sababu. Asubuhi moja, Kahu akiwa bado ananyonya, baba yake aliweka begi la mgongoni kando ya mlango, akasema anakwenda Perth, ng'ambo ya bahari, kutafuta kazi, atawaita. Hakuwaita. Tangu hapo Hinerau alijiwekea sharti: mwanamume hataingia kwake mpaka awe na hakika naye. Eru naye aliwahi kumpenda msichana ambaye kumbe alikuwa na mwanamume mwingine Wellington, na Eru alikuja kujua wa mwisho, bandari nzima ikiwa imeshajua. Kwa hiyo kila mmoja alimpenda mwenzake huku jicho moja liko wazi.

"Kwa nini hunialiki?" Eru aliuliza kwenye simu jioni moja ya baridi.

"Na wewe mbona hunialiki?"

"Nimeanza mimi kuuliza."

"Nyumba yangu ndogo, mpenzi."

"Sina mpango wa kuingia na meli."

Hinerau akacheka, lakini alikuwa ameinama kibarazani, simu kaibana kwa bega, anamimina maji ya matope juu ya mabuti mawili makubwa ya kazi. Yalikuwa ya mume wa Anti Kuini, mkata miti aliyestaafu, mtu mwenye miguu mikubwa ajabu. Huku kwetu viatu vinaachwa mlangoni, na mpita njia huhesabu waliomo ndani kwa viatu vyao. Wiki ile aliyobaki peke yake, kuna mtu alijaribu kitasa cha mlango wake. Asubuhi Anti Kuini akaja na yale mabuti. "Yapake matope mabichi kila siku," akamwagiza. "Buti kavu halimdanganyi mtu."

"Nasikia maji," Eru akasema. "Unafanya nini?"

"Nafua. Na wewe hiyo zipu ni ya nini?"

"Koti." Akabadilisha mazungumzo haraka. "Mji wenu huo, mwanamke peke yako, huogopi?"

Hinerau angeweza kusema kweli. Ulimi ulikuwa pale pale. Lakini tangu Februari alikuwa akiusifia mji wake, na mtu haachi kirahisi hivyo. "Niogope nini? Hastings tunalala milango wazi. Nyie ndio mnaolala kwenye tope lililokuwa chini ya bahari kabla ya lile tetemeko la zamani, siku bahari ikitaka kurudi je?"

"Sisi hatuiogopi bahari. Wenzangu wana mikoba ya kukimbilia mlimani wimbi likija, mimi sina. Ya nini?"

Wakatakiana usiku mwema, kila mmoja akabaki ameshika simu, akijiuliza kwa nini mwenzake amejibu haraka vile.

Julai, pale Clive, Eru alisema alichokuwa akikizunguka. Mto ulikuwa umejaa, Kahu amelala begani kwake, mdomo wazi, mate yakilowesha koti.

"Njooni mkae na mimi Napier. Wewe na huyu."

Hinerau alitazama maji. "Nipe mpaka Jumamosi."

"Unahitaji kumwuliza mtu?"

"Nahitaji kujiuliza mwenyewe."

Jibu hilo lilimkaa Eru vibaya. Alhamisi hakuvumilia. Alikuwa ameokota kome mawimbini, akajaza ndoo, akaendesha mpaka Hastings kwa anwani aliyoipata kwa binamu wa binamu. Alijipanga njia nzima: atagonga, atasema amepita tu. Akafika kibarazani akiwa na ndoo mkononi na tabasamu usoni, akayaona mabuti.

Yalikuwa yamekaa wima kando ya viatu vidogo vya kike na vya mtoto. Makubwa kama mitumbwi. Matope yake yalikuwa bado yanachuruzika. Mwenyewe ameingia sasa hivi.

Ndani alisikia Hinerau akiimba na Kahu akicheka. Kisha akaweka ndoo chini bila sauti, akaondoka.

Hinerau alipofungua mlango na kukuta kome, alijua mara moja. Akapiga simu. Haikupokelewa. Akaandika, "Mpenzi, ulikuja? Mbona hukugonga?" Jibu halikuja. Usiku akawapika wale kome kwa vitunguu na maziwa, akala bila kusikia ladha, hofu yake ya zamani ikiwa imekaa naye mezani. Mtu wa aina gani anafika mlangoni, anasikia mtoto anacheka, anaondoka? Hinerau alimjua mmoja tu, naye yuko Perth.

Jumamosi alivaa koti lake jeusi la sufu, akapaka midomo rangi kama anakwenda mahakamani, akamfunga Kahu kwenye kiti cha gari, akaelekea Napier.

Nyumba ya Eru haikuwa mlimani wala haikutazama bahari. Ilikuwa bondeni, nyuma ya nyumba nyingine, bahari haikusikika, na kilichoonekana dirishani ni ukuta wa jirani. "Mwongo," Hinerau akanong'ona, na karibu atabasamu. Lakini mlango ulikuwa wazi, na kando ya mlango, limesimama limefungwa kamba zote, kulikuwa na begi kubwa la mgongoni. Juu yake, ndani ya mfuko wa plastiki, pasipoti.

Akamshusha Kahu chini, akagonga mlango uliokuwa wazi.

Eru akatokea akipangusa mikono kwa taulo, ndevu hazijanyolewa. "Umekuja."

"Unasafiri?"

"Nani kakwambia?"

"Hilo begi limeniambia. Perth au Brisbane? Sema tu, mimi nina uzoefu."

"Usinigeuzie maneno, Hinerau. Mwambie yule mwenye miguu ya tembo akusafirishe yeye."

"Nani?"

"Aliyekuwa kwako Alhamisi! Nimeona mabuti yake mlangoni. Matope hayajakauka. Mimi nimeloana na kome wako, mwenzangu kajikausha motoni!"

Damu ikampanda Hinerau usoni. Kumbe ni yale mabuti. Ilitosha sentensi moja, na sentensi hiyo ilikuwa nzito kuliko kreti ya matufaha, kwa sababu ndani yake kulikuwa na kitasa kinachojaribiwa gizani, na mwanamke aliyejisifu miezi yote. Angeweza kugeuka arudi kwake, kichwa juu. Akamtazama Kahu, aliyekuwa ameshaingia bila kuombwa na kuketi mbele ya lile begi.

"Hayana mtu," akasema.

"Nini?"

"Mabuti. Hayana mtu ndani yake. Ni ya mjomba, mume wa Anti Kuini. Nayaweka mlangoni watu wadhani kuna mwanamume. Matope nayapaka mwenyewe."

Eru alimtazama kwa jicho la mnunuzi wa gari la mtumba. "Ulisema Hastings mnalala milango wazi."

"Nilisema."

"Zaidi ya mara moja."

"Kila uliponisifia bahari yako! Ungetaka niseme nini? Nafunga komeo mbili, nalaza kiti nyuma ya mlango? Mpigie Anti sasa hivi. Mwulize mumewe anavaa saizi gani."

"Nitampigia kweli."

"Piga!"

Hakupiga. Alikuwa ameanza kucheka kwa pua, akijizuia. "Siku ile ya simu, maji yale..."

"Nilikuwa nayamwagia matope. Sasa na wewe useme. Begi la nini?"

Kicheko kikamkauka. Kahu naye akaifungua zipu ya begi, akaanza kutoa vitu kimoja kimoja na kuvipanga kama mwenye duka: tochi, chupa ya maji, paketi ya biskuti za tangawizi ambazo hakuna anayezila kwa fujo kama yeye. Kisha koti la mvua la kike, la kijani. Kisha gambuti mbili ndogo, nyekundu, mpya.

Hinerau akaiokota moja.

"Ni mkoba wa kukimbilia mlimani," Eru akasema polepole. "Ardhi ikitikisika sana bahari hufuata, na hapa bondeni hakuna kusubiri. Pasipoti ni ya utambulisho tu, lazima mtu ajulikane."

"Ulisema huna."

"Nilisema. Tangu tufani ilipotupiga, mji mzima ukakaa gizani, silali bila kuliona begi hili. Wewe ungenicheka mpaka leo."

"Ningekucheka," Hinerau akakiri. Akageuza gambuti mkononi, macho bado yana shaka. "Hizi umezinunua lini?"

"Aprili. Nilijiuliza moyoni, wakinipa dakika moja, nakimbia na nani."

Hinerau akapiga magoti, akamvalisha Kahu. Mguu ukapotea mle ndani. "Hazimwenei. Kubwa."

"Najua."

"Sasa?"

"Za mwakani," Eru akasema.

Hinerau akaendelea kuinamia gambuti, maana rangi ya midomo aliyoipaka kwa ajili ya vita ilikuwa inatetemeka. Mwanamume wa kwanza alishindwa kufikiria kesho. Huyu amefikiria ukubwa wa mguu.

"Ukishafika huko mlimani," akauliza akijifuta jicho kwa kiganja, "halafu unakwenda wapi?"

"Kwako."

"Kwa hiyo hata wewe, mambo yakiharibika, unakimbilia Hastings."

"Usianze, mama."

"Basi usingoje mawimbi. Hama sasa. Bandarini utakwenda kwa gari, na Jumapili tutakuja kukaa juu ya mawe yenu na kuitazama hiyo bahari. Lakini koti la kijani silivai."

"Litavaliwa," Eru akasema, na akamkumbatia yeye na mtoto na gambuti zote pamoja.

Mwisho wa mwezi Anti Kuini alifika kwa Hinerau kuyachukua mabuti ya mumewe. Kibarazani akakuta viatu vipya vya kiume vimewekwa kando ya gambuti nyekundu. Hakubisha hodi kwanza. Aliinama, akakichukua kimoja, akakipima kwa kiganja, akakitazama na ndani, kama anatafuta jina la mtu mwingine.

"Hinerau!" akaita. "Huyu mwanamume wako wa Napier ana miguu midogo hivi? Itamtisha nani hii?"

"Hakuja kumtisha mtu, Anti," Hinerau akajibu kutoka ndani. "Ingia, chai iko tayari."

Anti Kuini akakirudisha kiatu mahali pake, akayasogeza yale mabuti makubwa nyuma kidogo, na akayaacha.