Ndege ya Bluu Isivuke Uzio

"Kunguru, unanipata?" sauti ya mkuu wake ilimuuliza sikioni.

"Nakupata," Kunguru alinong'ona.

"Ndege ya bluu imebeba ramani za kambi ya jeshi. Isivuke uzio wa mpaka."

Kunguru hakugeuza kichwa. Jasusi huyo wa kike alikuwa na kidude cha sauti sikioni, bastola ya Glock kiunoni, rimoti mikononi. Ndege yake ndogo ya kuchezea, ya povu gumu, ilikuwa hewani. Hatua chache kando yake, Fundi alikuwa akiirusha ile ya bluu.

Alitumwa kumchunguza Fundi.

Akampenda.

Kwa miezi mitatu alikuwa mwanafunzi wake. Siku ya kwanza alitaka ndege ya kasi, Fundi akacheka.

"Mtoto hutambaa kwanza, mama. Anza na ya povu, yenye mbawa pana. Hiyo inasamehe makosa."

Akamfundisha kuwasha rimoti kabla ya ndege, kurusha nyasi juu ajue upepo unakokwenda, na kutopita kamwe juu ya vichwa vya watu. Alimwongoza vidole, polepole. Moyo ukaingia kazini bila ruhusa.

Ndege ya bluu ikapinda kuelekea uzio.

"Irudishe," Kunguru alisema.

"Ni upepo tu, mpenzi."

"Upepo unavuma kuja huku kwetu."

Fundi akamtazama. Akaelewa yote.

"Kumbe ni wewe."

Hakuirudisha.

Mita mia mbili hadi uzio. Angempiga Fundi risasi, ndege ingeanguka ovyo, na chini yake wanawake walikuwa wakipalilia shamba. Akasubiri. Ya bluu ilielemewa na mzigo. Ya povu ikaifuata kwa juu, ikaikaribia.

Mita themanini. Shamba limekwisha. Nyasi tupu.

Akasukuma vijiti vya rimoti hadi mwisho.

"Umesogea mno! Vuta! Vuta!" Fundi alifoka, bado mwalimu.

Hakuvuta.

Povu likapasuka mgongoni mwa ile ya bluu. Ndege zote mbili zikaporomoka upande huu wa uzio.

Maofisa wakaruka kutoka kwenye Land Cruiser iliyofichwa vichakani. Fundi akanyoosha mikono, akatiwa pingu.

"Niambie kitu kimoja tu. Vile vicheko vyako, navyo vilikuwa kazi?"

"Hapana."

"Heri ungesema ndiyo."

Wakamchukua.

"Kunguru, kazi safi. Umeumia?" mkuu aliuliza sikioni.

"Niko sawa."

Akachomoa kidude sikioni. Akavaa miwani ya jua, akaondoka bila kutazama nyuma, kwa hatua imara, mashavu yakiwa yamelowa.