Rangi Iliyokataa Ndimu

Asubuhi moja ya Desemba, mama yetu Khampan alikaa barazani kwa kaka yangu Bunlom, akifinyanga wali wa kunata kwa vidole na kuuchovya kwenye pilipili. Alikuwa amelala usiku kucha. Kwa mtu ambaye saratani imeingia kwenye uti wa mgongo, hilo si jambo dogo. Alilala kwa matone matatu ya mafuta ya bangi. Mafuta hayo yalitoka kwenye zahanati ya dawa za asili ya wilaya, na zahanati ilichukua bangi kwetu, chama cha wakulima wa kijiji hiki. Kwa hiyo, ndugu zangu wa Nong Saeng, mama alilala kwa jasho letu wenyewe. Lishikeni hilo, maana usingizi wa mama ndio ninaousimulia hapa.

Wifi yangu Saengduean, mke wa Bunlom, alikuwa anachoma samaki simu ya Bunlom ilipolia. Aliyepiga alikuwa mnunuzi wa Bangkok, mama mmoja aitwaye Darunee, mwenye maduka. Alisema wateja wake wamechoka na bangi ya kijani, siku hizi wanataka ya zambarau. Je, Bunlom anayo?

"Ninayo," kaka akasema, akakata simu.

Wifi akamtazama. "Unayo wapi?"

"Itakuwepo."

"Hata mtoto ulisema atakuwa wa kiume."

"Na si alikuja mrembo? Geuza samaki, anaungua."

Mama alicheka mpaka akashika mgongo. Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho ninachokikumbuka.

Kila mkulima hapa anajua kwamba bangi ya zambarau huletwa na mbegu, na baridi huikoleza. Mbegu yetu ni ya kijani tangu enzi za babu. Bunlom naye anajua. Lakini kabla sheria ya bangi haijalegezwa, kaka yangu alikuwa muuza maua mbele ya hekalu kwa miaka kumi. Alichukua maua meupe, akayakata mashina kwa mshazari, akayasimamisha kwenye ndoo ya maji yenye rangi ya chakula, ile ya unga ya kutilia vitamutamu. Kesho yake maua yalikuwa ya buluu, na watu waliyanunua wakapiga nayo magoti. Hakuna aliyedhurika, kwa sababu hakuna anayekunywa maua ya hekaluni. Ujuzi huo ndio uliompotosha. Alidhani mmea ni mmea.

Kwanza alimwagilia shamba maji ya zambarau. Majani yakawa ya manjano pembeni, basi. Ndipo akavuna, akasimamisha matawi kwenye ndoo bandani kwake siku mbili yakinywa rangi, na pale ambapo rangi haikupanda akanyunyiza kwa chupa ya kunyunyizia. Siku ya tatu bangi yake ilikuwa na rangi ya biringani. Akaipeleka kwenye nyumba yetu ya kukaushia, akaitundika.

Mnaijua kanuni yetu: kinachovunwa leo kitundikwe leo, kikavu kwa nje, kisiguse maji tena. Matawi ya Bunlom yaliingia yamelowa kama sifongo, katika mwezi wa ukungu wa mto, yakatundikwa ubavuni mwa bangi ya kijani ya zahanati.

Na sisi tukafanyaje? Tukashangilia. Mwenyekiti wetu, mzee Thongdam, alizunguka kichanja mara tatu. "Bunlom, mwanangu, nipe mbegu hata kumi."

"Nitakupa, mzee. Lakini mbegu hii ina maringo, haimei kwa kila mtu."

"Imemea kwako, itashindwaje kwangu?"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa naangalia vidole vya kaka.

"Kaka, kucha zako zimefanyaje?"

"Nimemenya biringani."

"Biringani gani linatia rangi mpaka kwenye kiwiko?"

"Biringani la mtu mwenye dada mbea."

Nikamfuata wifi kisimani. Alikuwa anasugua shati. "Usiniulize, wifi," alisema kabla sijafungua mdomo. "Nimelifua mara nne." Sikumuuliza. Shati lilikuwa limeshajibu.

Mimi nauza sokoni maji ya anchan, yale maua ya buluu yanayotambaa kwenye ua wa kila nyumba. Mteja akikamulia ndimu, buluu inageuka zambarau, ukizidisha inakuwa karibu na nyekundu. Katika kazi hii nimejifunza kwamba zambarau ya mmea huisikia ndimu. Ganda la biringani huisikia, mchele mweusi huisikia. Rangi ya unga wa dukani haisikii kitu.

Siku moja kabla ya mnunuzi kufika nilikwenda kwa Bunlom peke yangu. Nilimwambia, "Kaka, mwambie yule mnunuzi ukweli kwa mdomo wako, na utoe mizigo yako kwenye nyumba ya kukaushia kabla haijaharibu ya zahanati. Mama anaitegemea."

"Wewe uza maji yako ya buluu," alisema. "Haya ya wakubwa tuachie sisi."

Basi Darunee akaja. Akakaa mezani na wanachama wote, akashika ua moja la zambarau, akalinusa. Bunlom alikuwa amevaa shati jipya. Nikaweka kisahani cheupe mbele ya mgeni, nikachukua ua jingine, nikakamulia ndimu.

Halikugeuka. Lilichuruzika tu, zambarau ileile, kama wino, mpaka ukingoni mwa kisahani.

"Huyu anafanya nini?" Bunlom aliuliza, akitabasamu kwa watu wote isipokuwa mimi.

Darunee alilipasua ua lake kwa kucha. Ndani lilikuwa na ukungu mweupe kama pamba. Akaliweka chini taratibu, akajifuta mkono.

"Kaka," alisema, "hii hata ng'ombe simpi." Akamshukuru mwenyekiti kwa chai, akaondoka.

Ndipo mzee Thongdam alipofungua vichanja vyote. Ukungu ulikuwa umeshahamia kwenye bangi ya zahanati. Tuliichoma yote uwanjani mchana uleule. Zahanati ikaambiwa, ikafuta jina letu mpaka mavuno mengine, na mafuta yakaisha, kwa sababu hapakuwa na bangi nyingine safi karibu.

Mama hakukaa tena barazani. Wiki ya pili hakuweza kugeuzwa ubavu bila kulia. Alikufa Februari. Daktari alisema angekufa tu, na ni kweli. Lakini angekufa amelala.

Saengduean amerudi kwao na mtoto. Bunlom ametolewa chamani, na nasikia anauza maua tena, mbali, mahali ambapo hakuna anayemjua.

FUNZO

Anayedanganya rangi ya dawa amedanganya mgonjwa, hata kama alikusudia kumdanganya tajiri wa mjini. Nyumba ya kukaushia ni moja. Hakuna uongo unaobaki kwenye kichanja cha mwenyewe. Na wewe uliyeona kucha za jirani ukanyamaza, wewe uliyeomba mbegu kwa pupa kabla ya kuuliza imetoka wapi, funzo hili ni lako pia. Ukiona kitu kizuri kuliko mbegu yake, uliza. Ukijibiwa kwa mzaha, uliza tena mbele za watu.

Sasa wazee mmeniita. Mnasema nimemwaibisha kaka mkubwa mbele ya mgeni, na kwamba kabla ya sadaka ya siku ya mia tangu kifo cha mama lazima nimpelekee Bunlom bakuli la maua na mishumaa, nipige magoti, niombe radhi, kama desturi inavyomtaka mdogo. Bunlom mwenyewe ametuma ujumbe: "Ungeninong'oneza."

Nilimnong'oneza. Desturi naijua na naiheshimu. Nimempigia mama magoti kwa makosa madogo kuliko haya. Lakini radhi huombwa na aliyekosa. Bakuli mlilonitayarishia lipo hapo mezani, na litabaki hapo. Siombi radhi.